Kalamu Isiyaamini Masikio

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Mmeniomba nizungumze juu ya maneno ya Kiingereza ambayo masikioni husikika kuwa ni mamoja, lakini yakiandikwa huwa ni mbalimbali. Nilipoupokea mwaliko huu nilijiuliza kama kweli jambo hili lastahili kuwatoa watu kazini kwa saa nzima. Mwenye kulitazama juu juu atasema kuwa hayo ni mambo ya herufi, na herufi ni mambo ya watoto wa shule. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka siku nilipozipata habari za mwalimu wangu.

Mwalimu huyo alitufundisha hesabu katika shule ya msingi iliyo kando ya Ziwa Victoria. Alikuja kwetu akiwa mgeni, akaoa kwetu, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akapanda migomba. Tulipokuwa darasa la sita zilienea habari kwamba walimu waliokaa muda mrefu katika kituo kimoja watahamishwa. Naye akaandika barua kwa mwajiri wake kuomba abakishwe. Hakuna aliyemlazimisha kuiandika kwa Kiingereza. Serikali ilikuwa imekwisha agiza tangu mwaka 1967 kwamba Kiswahili ndicho kitumike katika shughuli zake. Lakini yeye aliona kuwa ombi zito lahitaji lugha aliyoidhania kuwa nzito. Akaandika kwa Kiingereza kwamba angependa sana kuishi pale, yeye pamoja na jamaa yake. Neno alilolikusudia ni "live", yaani kuishi. Neno aliloliandika ni "leave", yaani kuondoka.

Ofisi ikamhurumia. Kabla muhula haujakwisha jibu likafika kwamba ombi lake limekubaliwa, na kwamba ajitayarishe kwenda wilaya nyingine, mbali kabisa. Hapakuwa na chuki yoyote katika jambo hilo. Aliyeisoma barua aliona mtu anaomba kuondoka, akamsaidia kuondoka.

Mtauliza, kwa nini hakwenda kusema kwamba ameandika vibaya? Nami nilimwuliza hivyo hivyo, miaka mingi baadaye, akiwa amekwisha staafu. Akaniambia kwamba alikwenda. Alifika mpaka mlangoni pa ofisi, barua mkononi, akawakuta makarani wawili wakicheka. Walikuwa wakicheka jambo lao wenyewe. Hata hivyo akageuka, akarudi nyumbani, akafunga mizigo. Aliona afadhali kuiacha migomba yake kuliko kukiri kwamba yeye, mwalimu, ameshindwa na neno la herufi chache. Sisi tukaingia darasa la saba bila mwalimu wa hesabu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na nawajua wenzangu kadhaa ambao hesabu ndizo zilizowafungia mlango wa sekondari.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nimekubali kuzungumza. Katika kisa hicho mna makosa mawili, kosa la herufi na kosa la haya. La pili ndilo kubwa zaidi, na nitalirudia mwishoni. Kwanza tuanze na herufi.

Maneno yanayotukanganya ni ya aina tatu, na ni vyema kuzitenga, kwa sababu kila aina ina dawa yake.

Aina ya kwanza ni maneno ambayo hata Mwingereza mwenyewe huyatamka sawa. Hapa tusijilaumu kwamba masikio yetu ni mabovu, kwani tofauti haimo katika sauti hata kidogo. Mwingereza akisema "right", yaani sahihi, na akisema "write", yaani andika, sauti ni ile ile. Akisema "night", yaani usiku, na akisema "knight", yaani askari mpanda farasi wa zamani, sauti ni ile ile pia. Sababu yake ni ya kihistoria. Zamani herufi hizo ambazo leo ni bubu zilikuwa zikitamkwa. Ile "k" iliyo mwanzoni mwa "knight" ilisikika, na ile "w" ya "write" ilisikika vilevile. William Caxton alipoanzisha mtambo wake wa kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, maandishi yakaanza kuganda katika umbo moja, huku matamshi ya watu yakiendelea kubadilika kwa karne kadhaa. Zaidi ya hayo, tangu Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ile ilikwisha meza maelfu ya maneno ya Kifaransa, na baadaye ya Kilatini, kila moja likija na tahajia ya kwao. Ndiyo maana Kiingereza cha leo kinaandikwa kwa mavazi ya zamani na kusemwa kwa sauti mpya.

Dawa ya aina hii ni kuijua maana na kazi ya neno katika sentensi. Nitachukua mifano inayopita mezani penu kila siku.

Kuna "principal" na "principle". La kwanza lina maana ya mkuu, au kilicho kikuu. Mkuu wa chuo huitwa hivyo. Huko Kenya, chini ya Katiba ya mwaka 2010, Katibu Mkuu wa wizara huitwa kwa neno hilo hilo. Hata katika vyama vyetu vya akiba na mikopo, fedha halisi uliyokopa, kabla riba haijaongezwa, huitwa "principal", kwa kuwa ndiyo kubwa na riba ni mtoto wake. La pili, "principle", ni kanuni au msimamo. Mtu hawezi kuwa "principle", hata awe na msimamo mkali namna gani. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: neno "rule", ambalo pia ni kanuni, linamalizika kwa "le", na "principle" linamalizika vivyo hivyo. Kanuni na kanuni huenda pamoja.

Kuna "stationery" na "stationary". Mtunza stoo akiagiza karatasi, kalamu na bahasha, anaagiza "stationery". Akiandika lile la pili, ameagiza kitu kilichosimama pasipo kwenda. Maneno haya ni ndugu wa damu. Katika Ulaya ya zamani wachuuzi wengi walizunguka na bidhaa zao, kama wamachinga wetu. Muuza vitabu yeye alikuwa na kibanda cha kudumu, akaitwa kwa jina la mtu aliyesimama mahali pamoja. Baadaye bidhaa zake zikarithi jina lake. Wa kumkumbuka ni bahasha, ambayo Kiingereza chake huanza na "e". Penye bahasha pana "e".

Kuna "council" na "counsel". Halmashauri ya wilaya ni "council". Shauri analopewa mtu, au wakili anayemtetea mtu mahakamani, ni "counsel". Kwa hiyo diwani ni "councillor", na mwalimu wa ushauri nasaha ni "counsellor". Katika baadhi ya shule mwalimu huyo hubandikiwa mlangoni cheo cha diwani bila kupigiwa kura hata moja. Wanafunzi wakiingia humo kutafuta nasaha, wamekwisha fundishwa kosa kabla hawajakaa kitini.

Kuna "complement" na "compliment". La kwanza ni kitu kinachokikamilisha kingine, na "e" yake ya katikati ni ile ile iliyomo katika "complete", yaani kamili. La pili ni sifa au salamu za heshima. Kijikaratasi kinachofungwa pamoja na zawadi ya kitabu hubeba hilo la pili.

Halafu kuna maneno madogo, ambayo ndiyo huwaaibisha wengi kwa kuwa kila mtu hudhani anayajua. "There" ni pale au kule, na ndani yake limo "here", yaani hapa. "Their" ni -ao, kitu cha watu wale. "Its" ni -ake, na "it's" ni maneno mawili yaliyofupishwa. Jaribio lake ni kulifungua neno. Ukiweza kulisoma kwa urefu, "it is" au "it has", na sentensi ikabaki na maana, weka alama ya ritifaa. Ukishindwa, iondoe. Mtoto wa kidato cha kwanza aweza kulifanya jaribio hilo kwa nukta moja.

Aina ya pili ni maneno ambayo Mwingereza huyatenganisha kwa sauti, lakini sisi huyasikia mamoja. Hapa chanzo ni lugha zetu. Kiswahili kina irabu tano, zinazoandikwa kwa herufi tano, na kila herufi ina sauti yake moja. Kiingereza cha Uingereza, ingawa kinatumia herufi zile zile tano, huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo ishirini. Mswahili anayejifunza lugha hiyo ni kama mtu mwenye debe tano aliyepewa nafaka za namna ishirini. Hana budi kuzichanganya.

Basi "live" na "leave" huingia katika debe moja, lile la "i". Na "i" yetu iko karibu zaidi na ile ya "leave". Ndiyo kusema mwalimu wangu, alipolitamka neno lake moyoni ili aliandike, alijisikia akisema kuondoka. Mkono wake uliyatii masikio yake. Ndivyo ilivyo kwa "ship", meli, na "sheep", kondoo, na ndivyo ilivyo kwa "fill", jaza, na "feel", hisi. Katika debe la "a" wamo "hat", kofia, "hut", kibanda, na "heart", moyo. Wengine wetu, kwa sababu ya lugha zetu za nyumbani, hatutenganishi "l" na "r". Mwalimu mkuu akiagiza kwamba madaftari yakusanywe, yaani "collect", msaidizi wake aweza kukesha akiyasahihisha, yaani "correct".

Dawa ya aina hii ni mazoezi ya sikio na mdomo, na ni lazima ianze mapema. Mwalimu asimwambie mtoto kwamba amekosea, kisha akaishia hapo. Ampe maneno mawili mawili, amwonyeshe kwamba katika "leave" midomo hutanuliwa na sauti huvutwa, na katika "live" ulimi hulegezwa na sauti hukatwa upesi. Na anaposoma imla, asilisome neno peke yake. Neno likiwa peke yake ni yatima, halina wa kumshuhudia. Alisome ndani ya sentensi, ili maana imsaidie mtoto pale sikio linaposhindwa.

Aina ya tatu ni maneno yanayokaribiana bila kulingana, na hayo hutukanganya kwa sababu tunayasoma kwa haraka. "Advice" ni shauri, na "advise" ni kushauri. "Personal" ni -a binafsi, na "personnel" ni watumishi wa mahali pa kazi. Jalada la mtumishi si jalada la mambo yake ya siri, ingawa wapo wanaoliandika hivyo. "Lose" ni kupoteza, na "loose" ni -liolegea.

Lakini jozi ninayowasihi wahasibu waiangalie kuliko zote ni "affect" na "effect". Kwa kawaida la kwanza ni kitendo, kuathiri, na la pili ni jina, athari au matokeo. Hapo wengi huridhika. Kumbe "effect" nalo hutumika kama kitendo, na likitumika hivyo maana yake ni kutekeleza, kulifanya jambo liwe. Barua ikimwagiza mhasibu "effect" malipo ya mtu fulani, imemwagiza alipe. Ikimwagiza "affect" malipo hayo, imemwagiza ayaguse kwa namna isiyojulikana, labda ayapunguze, labda ayacheleweshe. Mhasibu mwerevu atauliza. Asiye mwerevu ataiweka barua kando, na mtu atasubiri haki yake.

Ndugu Mwenyekiti, yupo atakayesema kuwa siku hizi kompyuta hutusahihishia. Nakubali kwamba zimekuwa hodari, na zipo zinazoweza kutilia shaka neno lisilopatana na jirani zake. Lakini chombo cha kukagua tahajia kazi yake ya msingi ni kutafuta maneno yasiyokuwamo katika kamusi yake. "Leave" ni neno halali, limo kamusini, na sentensi ya mwalimu wangu ilikuwa sahihi kabisa kwa sarufi. Hakuna mashine ambayo ingejua kwamba mtu yule alikuwa na migomba.

Na yupo atakayesema kuwa makosa haya ni ya sisi wageni wa lugha, na kwamba wenyewe huelewana tu. Hilo nalo halina ukweli. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya Kimarekani, Flying Tiger 66, ilikuwa ikitoka Singapore na kukaribia uwanja wa Kuala Lumpur huko Malaysia. Mwongozaji aliwaambia marubani washuke mpaka futi 2,400, akazitaja tarakimu moja moja, naye akaanza na "two", yaani mbili. Marubani walisikia "to", yaani mpaka, na baada yake wakasikia nne, sifuri, sifuri. Wakashuka kuelekea futi 400, ndege ikagonga kilima, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Marubani wale Kiingereza kilikuwa lugha yao ya kazi ya kila siku. Yalikuwapo makosa mengine pia, kwani jibu lao lenye mashaka halikusahihishwa, lakini mlango uliofunguka kwanza ulikuwa sauti moja yenye maana mbili.

Watu wa anga wanalijua jambo hili, ndiyo sababu hawayaamini masikio. Tangu mwaka 1956 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekuwa na orodha yake ya majina ya herufi, Alfa, Bravo, Charlie, mpaka Zulu, ili herufi moja isichukuliwe kwa nyingine. Hata tarakimu tisa huitamka "niner" badala ya "nine". Na msikilizaji hutakiwa kuyarudia maagizo aliyopewa, ili aliyeyatoa ahakikishe. Basi kama rubani hajioni mjinga kwa kurudia alichosikia, kwa nini karani ajione mjinga kwa kupiga simu na kuuliza, "Ndugu, ulikusudia hili au lile?"

Isidhaniwe, ndugu zangu, kwamba nimekuja kukicheka Kiingereza au kuwatisha watu wakikimbie. Masomo mengi ya sekondari yanafundishwa kwa lugha hiyo, na mikataba yetu mingi na mataifa mengine imo katika lugha hiyo. Anayetumwa na wananchi kuisoma mikataba hana ruhusa ya kubahatisha. Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili chetu kimeepukana na mitego. Mahali si mahari, ingawa wapo wanaotoa ng'ombe kwa ajili ya mahali. Kura hupigwa, na kula huliwa. Kuridhia si kurithi. Katibu wa kikao cha ukoo akiandika kwamba mjane amerithi shamba, ameandika jambo moja. Akiandika kwamba mjane ameridhia shamba ligawanywe, ameandika jambo jingine kabisa. Sauti za "dh" na "th" zikichanganyika hapo, mjane atalala nje. Asiyekuwa mwangalifu katika lugha yake hawezi kuwa mwangalifu katika lugha ya kuazima.

Basi nawaombeni mambo matatu.

La kwanza, tuchague lugha kwa kazi yake. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ikiwa Kiswahili kinabeba hukumu, kinaweza kubeba ombi la mwalimu la kubaki kituoni. Yule anayeandika Kiingereza kwa Mswahili mwenzake ili aonekane msomi, hana tofauti na mtu anayevaa viatu vya mgeni kwenda shambani kwake. Atajikwaa, na mgeni hatakuwapo kumwinua.

La pili, pale Kiingereza kinapotakiwa, tukiandike kwa uangalifu wa fundi. Barua isomwe mara ya pili, na isomwe na mtu mwingine. Kamusi iwe mezani, isiwe kabatini. Neno lenye pacha wake liwekewe kidole mpaka maana yake ithibitike.

La tatu linanirudisha kwa mwalimu wangu. Watoto wanaocheka mwenzao anapokosea ubaoni ndio makarani wa kesho, na yule anayechekwa ndiye atakayerudi na barua yake mkononi bila kubisha hodi. Mwalimu anayeruhusu kicheko hicho anafundisha somo lisilokuwamo katika muhtasari, kwamba kosa ni la kufichwa. Kosa lililofichwa halisahihishwi. Nanyi watumishi wa maofisini, mtu akija na barua iliyoandikwa vibaya, mpeni kiti, mwulizeni kwa lugha anayoijua anataka nini, kisha muwekeni sawa. Kumwuliza mwalimu wangu kungechukua dakika mbili. Kutomwuliza kuliigharimu shule yetu mwaka mzima.